Mkunga Aliyeacha Kuuliza

Alipoingia nyumba yenye mwanamke mwenye uchungu, hakusalimia mtu. Wanawake waliojaa ndani ya tembe walimwambia "Mbukwenyi," salamu yetu Wagogo, naye aliwapita kama anayepita katikati ya mabua ya mtama, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ngozi alipolala mzazi, akachuchumaa, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Si tumboni. Kwenye paji la uso. Alikaa hivyo kitambo, macho yake yakitazama mlangoni, kama mtu anayesikilizia ng'ombe wake wanaorudi. Ndipo alipogeuka na kuitikia: "Mbukwenyi, akina mama. Sasa tokeni wengine, huyu apate hewa."

Tulimwita Mkunga. Wakunga wengine walikuwepo kwetu upande wa Zuzu, lakini wao waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye aliitwa kwa kazi yake, na ukisema "kamwite Mkunga" hakuna aliyeuliza yupi. Alikozaliwa na ukoo wake sitaeleza. Waliojua wamekwisha, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa akisimulia habari zake. Nilimfahamu miaka yote ya Wajerumani ninayoikumbuka, tangu nilipoolewa, reli ikiwa bado ni maneno ya wapita njia, hadi vita vilipowaondoa. Hapo katikati nilimchukia, na hapo katikati nilimwita nyumbani kwangu. Yote mawili nitayasema.

Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa kwetu, na mabega yake yalikuwa yameinama kidogo kwa sababu ya milango ya matembe, ambayo ni mifupi na ambayo yeye aliingia na kutoka mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mikono yake haikuwa mizuri. Vidole vilikuwa virefu na vikavu, kucha amezikata hadi karibu na nyama. Kabla ya kumgusa mtu aliiosha kwa maji ya moto na majivu, kisha akaipaka samli, na kama nyumba haina samli alikaa chini akingoja ikaazimwe kwa jirani. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa na subira hata ya kungoja uji upoe, alimwambia siku nilipokuwa namzaa mtoto wangu wa kwanza, "Mtoto yuko njiani, wewe unangoja samli?"

"Mtoto hana miadi na mtu," akajibu, akaendelea kukaa.

Hakuwapenda watoto. Najua hili litawashangaza, lakini ndivyo ilivyokuwa, au angalau ndivyo alivyotaka tuamini. Akishakata kitovu kwa kibanzi cha bua la mtama na kumfuta mtoto, alimkabidhi kwa bibi yake bila kumwangalia mara mbili, akarudi kwa mama. Ukimwambia, "Mkunga, tazama macho yake," alisema, "Huyo ni wenu. Mimi nilikuja kwa huyu." Akaendelea kumkanda tumbo mzazi, na kumnywesha uji wa uwele kidogo kidogo kama anayemlisha ndege. Watoto aliowapokea walikua, wakachunga, wakaoa, wakampita njiani na kumsalimia kwa heshima, naye hakukumbuka hata mmoja alikuwa wa nani. Lakini mama zao aliwakumbuka. Alikuwa anaweza kumsimamisha mwanamke kisimani, mwenye wajukuu tayari, na kumuuliza kama ule mgongo bado unamsumbua.

Wanaume hakuwa na muda nao. Mmoja wa majirani zetu alikuwa akizunguka nje ya nyumba mkewe akiwa ndani, na kila aliposikia sauti aliuliza kwa kelele, "Ni wa kiume?" Mkunga akatoka, mikono ikiwa bado na damu, akasimama mbele yake.

"Mkeo hajambo," akamwambia.

"Nauliza, ni wa kiume?"

"Umeniuliza habari za mkeo, na mimi nimekujibu. Mkeo hajambo."

Akarudi ndani. Yule bwana alibaki hajui kama amesalimiwa au ametukanwa.

Na huyohuyo aliyekuwa na damu hadi viwikoni nusu ya siku za maisha yake hakuweza kuona mbuzi akichinjwa. Kwenye sherehe alihakikisha amekaa mbali, na kisu kikitoka alisimama na kwenda nyuma ya zizi. Siku moja tulimtania. Akasema, "Damu ya mzazi inatoka kwa kazi. Ile nyingine inatoka bure." Na nyama hakuikataa, alikula kama sisi.

Watoto waliozaliwa wamekufa, au waliokufa kabla ya kitovu kudondoka, aliwazika mwenyewe. Hakuruhusu mtu amsaidie kuchimba. Alichimba kwa jembe la mpini mfupi, taratibu, kwenye ardhi yetu hiyo ngumu kama kigae, akamlaza mtoto, akafukia, kisha akakaa pale hadi jua lilipobadilisha upande. Tulidhani anasali, lakini mara moja nilipita karibu nikasikia anazungumza, na yalikuwa maneno ya kawaida tu. Alikuwa anamweleza yule mtoto habari za mama yake: kwamba ana meno mazuri, kwamba anajua kusuka vikapu, kwamba alipiga kelele kidogo tu.

Reli ilipofika, alijifunza Kiswahili. Kambi za wafanyakazi zilijengwa kandokando ya njia, na pamoja na wanaume walikuja wanawake kutoka kila mahali: Unyamwezi, pwani, Kondoa. Wake za watu, na wasio wake wa mtu. Nao walishika mimba kama wengine, na walikuwa hawana mama wala shangazi. Mkunga alianza kwenda huko. Alirudi akiwa na maneno matatu ya Kiswahili, na kwa muda mrefu hakuongeza la nne: sukuma, tulia, bado. Alisema yanatosha, kwamba Kiswahili chake ni cha kuzalishia tu.

Siku moja akida wa Wajerumani alikuja na askari kutafuta wanaume wa kazi. Wanaume wetu walikuwa wamekwisha kupata habari na kukimbilia vilimani. Akida akamkuta Mkunga ameketi juani akinusa ugoro wake. Akamuuliza kwa Kiswahili, "Wanaume wako wapi?"

"Bado," akasema Mkunga.

"Bado nini? Nauliza wako wapi!"

"Tulia."

Akida akamwinulia fimbo. Mkunga akamtazama tumbo, maana alikuwa mtu mwenye kitambi, akatikisa kichwa kwa huruma na kumwambia, "Usisukume. Bado."

Askari walicheka hadi mmoja akaketi chini. Akida akaondoka na hasira zake, na siku ile hakuna aliyechukuliwa. Kisa hicho tulikisimulia miaka mingi. Nakisimulia na mimi hapa kwa sababu ninakoelekea hakuna kicheko.

Kwetu, na si kwetu tu, uchungu ukikwama watu walisema mwanamke ameficha jambo. Maana yake, amelala na mwanamume asiye mumewe, na mpaka amtaje, njia haitafunguka. Kazi ya kumuuliza ilikuwa ya mkunga. Naye aliuliza. Ndivyo alivyofundishwa na yule aliyemfundisha, kama alivyofundishwa kuosha mikono kwa majivu, na hakuona tofauti kati ya mambo hayo mawili. Aliuliza kwa upole, kwa sauti ya chini, akiwa ameinama sikioni. Wengine walitaja. Wengine, kama nilivyokuja kujua baadaye, walitaja jina lolote lililowajia ili waachwe. Mtoto akizaliwa watu walisema, "Mnaona?" na kesho yake wanaume walitafutana kwa fimbo.

Mdogo wangu aliitwa Nyemo, jina ambalo kwetu ni furaha. Lilimfaa. Alikuwa na mwili mdogo, mwepesi, na alicheka kwa mwili wote, akishika ukuta. Aliolewa mji wa jirani, karibu tu, kiasi kwamba upepo ukivuma upande wetu nilisikia anapotwanga. Muda mfupi baada ya ndoa mumewe alichukuliwa kwenda reli. Alipoondoka Nyemo alikuwa tayari ana mimba changa, lakini ilikuwa bado haijaonekana, na hakuna aliyeijua isipokuwa yeye, mumewe, na mimi.

Uchungu ulimwanza asubuhi, mwisho wa kiangazi, upepo ukiwa na vumbi jekundu. Mkunga aliitwa, akaja, akamshika, akampapasa tumbo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Nyemo, mgongo wake kifuani kwangu. Siku ile ikapita. Ya pili ikafika mchana, na Nyemo alikuwa amekwisha kuishiwa na sauti.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume tu, naye alikuwa mbali akipasua mawe, na hofu yake ilikuwa imegeuka kuwa kitu kingine. "Muulize," akasema.

Mikono ya Mkunga ilikuwa tumboni kwa Nyemo.

"Muulize, Mkunga. Mwanangu hayupo tangu palizi. Tunajuaje?"

Mkunga akainama. "Mwanangu," akamwambia Nyemo, "kuna jambo?"

"Hakuna."

"Kama lipo, hapa ni wanawake watupu."

"Hakuna, mama. Mimba ni ya mume wangu."

Uchungu ukaja, ukapita. Akaulizwa tena. Na tena. Mara ya mwisho Nyemo alifumbua macho, akasema kwa sauti iliyokuwa kama ya mtu anayeomba maji, "Basi nipeni jina. Nipeni jina lolote nilitaje."

Nilimwona Mkunga akisita. Niliuona uso wake, nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na mkono wangu huu. Nikafikiri ataacha. Akasema, "Siyo la kupewa, mwanangu. Ni lako."

Nyemo akageuza kichwa, akanitazama mimi kutoka chini. "Dada, waambie."

Nikawaambia. Niliwaambia kwamba nilijua habari za mimba kabla mume hajaondoka. Mama mkwe wake akasema dada humficha dada. Alasiri Nyemo alikufa mikononi mwangu, mtoto akiwa bado ndani.

Mama mkwe akatoka nje, akawatangazia waliokuwa uani, "Ameondoka nalo."

Wakamzika siku ileile, bila kilio. Ukweni hakuna aliyemlilia, maana mwanamke aliyeondoka na jambo haliliwi. Mama yangu alilia peke yake, na sauti yake ilikuwa ya ajabu kuisikia bila nyingine za kuipokea.

Mkunga hakwenda maziko. Kesho yake wanawake walikwenda kwake kumwita kwa mzazi mwingine, wakakuta tembe limefungwa na majivu ya jiko yamepoa.

Aliniambia mwenyewe alikokwenda, lakini baadaye sana, kwa hiyo ninachoeleza ni alichoniambia. Alifuata reli kuelekea mashariki. Alipita Dodoma, akapita Nzuguni, akalala kwa watu aliowasalimia njiani, akafika Mpwapwa. Alikuwa amesikia kwenye kambi kwamba pale misheni kuna bibi wa Kizungu anayegawa dawa na kuzalisha wanawake. Alimngoja barazani hadi wagonjwa wote wakaisha. Mke wa mwalimu, Mgogo mwenzetu, akawatafsiria.

Mkunga akamweleza kila kitu: mwili wa Nyemo, ukubwa wa tumbo, jinsi kichwa cha mtoto kilivyokaa na kilivyogoma. Yule bibi akasikiliza. Halafu akafanya duara kwa vidole vya mkono mmoja, akajaribu kupitisha ngumi ya mkono mwingine. Ngumi haikupita. Akasema kwao wapo waganga wanaokata tumbo wakamtoa mtoto na kulishona, lakini yeye hajafundishwa kazi hiyo, na daktari wa Wajerumani alikuwa mbali. Akasema pale Mpwapwa na yeye amezika wanawake wa namna ile. Kisha akaanza kulia.

"Tukalia wote wawili," Mkunga aliniambia. "Yule mtafsiri akaona aibu, akatoka nje. Aliporudi nikamwambia amuulize bibi yake swali moja. Kama mdogo wako angetaja jina, je? Bibi hakuelewa. Ikabidi aulizwe mara ya pili. Halafu akaniuliza, 'Jina la nini?'"

Kisha akasema, "Nilikuwa najua. Mikono yangu ilinieleza tangu asubuhi ya kwanza kwamba mlango ni mdogo. Nilikuwa najua, na bado nikauliza."

Alirudi wakati ukoo wa mume wa Nyemo unamaliza matanga, kama yale unaweza kuyaita matanga. Mume alikuwa amepewa ruhusa ya kuja. Watu wao walikaa ndani ya ua, sisi tukakaa nje karibu na lango la zizi, maana hatukukaribishwa. Mkunga akaingia na vumbi la safari miguuni. Hakukaa.

"Mbukwenyi," akasema. Wakaitikia. "Mwanamke aliyelala hapa hakuwa na la kusema. Alikufa kwa sababu nyonga zake zilikuwa ndogo na mtoto alikuwa mkubwa. Nililijua hilo kwa mikono yangu, na nikamuuliza. Nilimsumbua mtu anayekufa. Mimba ilikuwa ya mume wake huyu."

Mama mkwe wa Nyemo akasema, "Kwa hiyo miaka yote umekuwa ukitudanganya?"

"Miaka yote nimekuwa nikiuliza. Sitauliza tena."

Mume wa Nyemo alisimama, akatoka pale, akaenda kaburini, na hapo ndipo tulipomsikia. Alilia kama watoto wanavyolia, kwa kukatika pumzi. Lakini kabla hatujajua la kufanya, mwanamume mwingine akasimama upande wa pili wa ua. Mkewe alikuwa miongoni mwa wale waliotaja.

"Na mke wangu?" akauliza. "Yule niliyempiga nikamrudisha kwao? Yeye alisema kweli, au alisema ili umwache?"

Mkunga akamtazama. Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Kila nyumba ilikuwa inakumbuka jina lililotajwa ndani yake.

Mkunga akatoka hadi langoni tulipokuwa, akapiga magoti mbele ya mama yangu. Mama alikuwa mtu mpole, sijapata kumsikia akimpandishia mtu sauti, na hata siku ile hakupandisha. Akamwambia, "Umemrudishia jina lake. Mwenyewe yuko wapi?"

Mkunga alibaki pale magotini. Mama akainuka, nasi tukamfuata. Tangu siku hiyo hadi alipokufa, mama hakumsalimia tena, na kwetu kumnyima mtu salamu ni kumwambia hayupo.

Na mimi nilimchukia. Nilimchukia zaidi baada ya kusema kweli kuliko kabla. Kabla yake ningeweza kusema mila ilimuua mdogo wangu. Sasa nilijua kulikuwa na mtu aliyejua.

Watu wengi waliacha kumwita. Wengine waliogopa kwamba mkunga asiyeuliza hawezi kufungua njia. Wengine hawakuweza kuvumilia kumwona, kwa sababu ya yale yaliyovunjika majumbani mwao. Alibaki na wanawake wa reli, ambao hawakujua habari hizo, na alilima kishamba chake cha uwele peke yake. Nilimwona kwa mbali akiwa ameinama. Hakuwahi kunijia kuomba chochote.

Nikashika mimba tena. Nilipofikia miezi ya mwisho nilianza kumwota Nyemo, na katika ndoto alikuwa ananitazama kutoka chini vilevile. Uchungu uliponianza, mama alikuwa amekuja kukaa nami. Akaniuliza amwite nani. Nikamwambia, "Mkunga."

Mama akadhani sijasikia vizuri. Akarudia swali.

"Mkunga, mama."

"Yule?"

"Wengine watauliza," nikasema. "Mambo yakiwa magumu watauliza. Yeye hatauliza."

Mama akamtuma mtu. Mkunga alipoingia mlangoni, mama alitokea mlango huohuo bila kumtazama, akaenda kukaa zizini hadi yote yalipokwisha. Wawili wale walipishana bega kwa bega.

Uchungu wangu ulikuwa mrefu. Alifanya kazi yake kimya. Ilipofika mahali ambapo nguvu ziliniisha, hofu ikanishika, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mkunga, mimi sina la kusema, sina, naapa..." Akanifunika mdomo kwa kiganja. Kilikuwa kinanuka samli na majivu.

"Hakuna aliyekuuliza," akasema. "Nieleze habari za mtama wenu. Umechanua?"

Nikamwambia umechanua. Akauliza ndege ni wengi mwaka huu? Nikamwambia ni wengi. Akauliza nani anawafukuza? Tukaenda hivyo, swali la shamba baada ya swali la shamba, na kati ya maswali nilisukuma, mpaka binti yangu akazaliwa. Mkunga alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa chake kwenye nguzo ya nyumba, akasema, "Kila ninapoingia nyumbani kwa mtu, namsikia mdogo wako anaomba jina." Sikumsamehe siku ile na wala siku nyingine, kama kusamehe ni neno ambalo mtu analitamka. Nilisogeza kibakuli changu cha uji, tukanywa wote.

Vita vikaja. Kwanza vilikuja kama habari, halafu kama askari waliochukua nafaka, halafu waliochukua ng'ombe, halafu waliochukua wanaume kubeba mizigo. Mume wangu alichukuliwa na hakurudi. Mwisho wa yote tukasikia Wajerumani wenyewe wanashindwa na wanakimbia kuelekea kusini, na kwamba njia yao inapita kwetu. Watu wakakusanya kilichobaki, wakapanda vilimani. Mkunga hakuweza. Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alisema aachwe, hana kitu ambacho askari wanakitaka.

Nilikaa kilimani nikashindwa kutulia. Asubuhi moja nikashuka na unga kidogo. Kule chini, kwenye mto wa mchanga, niliona kundi kubwa limepumzika: askari, wapagazi, na wanawake wenye vyungu vichwani. Nikazunguka nyuma ya matembe ili nisionekane.

"Nani huyo?" akauliza Mkunga niliposukuma mlango.

"Ni mimi."

"Afadhali. Nina mtu hapa, na macho sina."

Kwenye ngozi alikuwa amelala msichana mgeni, mke wa askari mmoja wa Kinyamwezi. Alijikokota mwenyewe kutoka kambini, akagonga mlango wa kwanza alioukuta. Mkunga akaniambia nioshe mikono. Kisha akaweka mikono yake juu ya yangu, naye akawa anaiongoza: hapa, usivute, ngoja, geuza kidogo. Vidole vyake vilikuwa baridi na havikuwa na nguvu hata kidogo, lakini vilijua kila kitu. Jua lilipokuwa linashuka tukampata mtoto wa kike. Mkunga akalala palepale kando ya mzazi, amemshika mkono.

Alfajiri tarumbeta ikalia. Yule msichana akaanza kufunga nguo zake.

"Huwezi kutembea," nikamwambia. "Kaa. Tutakutunza."

"Mume wangu yuko mbele, mama. Nikibaki hapa sitamwona tena. Sijui hata nchi hii inaitwaje."

Nikamtazama Mkunga, nikitegemea atamkataza. Akapapasa hewani hadi akanishika nguo.

"Nenda naye mpaka watakapopumzika. Tembea nyuma yake, siyo mbele. Tazama visigino vyake. Ukiona damu imeshuka hadi pale, mlaze chini, umpe mtoto anyonye, hata kama wanawaacha."

"Na wewe? Nilikuja kukuchukua."

"Mimi si mjamzito," akasema. Nadhani alikuwa anatania. "Nenda. Na usigeuke kunitazama mimi. Mtazame yeye."

Nikaenda. Nilitembea nyuma ya mwanamke ambaye jina lake sikulijua, katikati ya watu wanaokimbia, na sikuangalia bunduki wala mizigo wala nyuso zao. Niliangalia visigino viwili vidogo vikiinuka na kushuka kwenye vumbi. Walipumzika jua likiwa kali. Akakaa chini ya mti wa mgunga, mtoto akapata ziwa, na mumewe akaja mbio kutoka mbele ya msafara, akasimama pale mikono imemlegea, hajui amshike yupi kwanza.

Niliporudi alasiri, Mkunga alikuwa ameegemea ukuta ndani ya tembe lake, miguu ameinyoosha, unga niliomletea uko kando yake haujaguswa. Nikamwita. Nikamwita tena.

Nikakaa sakafuni karibu naye, maana sikuwa na mtu wa kunisaidia kuchimba kaburi na nilikuwa nimechoka. Nikamwambia kwamba visigino vya yule msichana vilikuwa vikavu mwendo wote, na kwamba mtoto alinyonya vizuri.